Umeona nani alipiga. Je, umempigia?

Leo nakuomba tutafakari pamoja jambo dogo ambalo kila mmoja wetu analibeba mfukoni au kwenye mkoba: simu zilizoita na hazikupokelewa.

Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka simu ya mezani ya zamani. Ilikaa sebuleni juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na katika nyumba nyingi kile kisahani cha kuzungushia namba kilifungwa kufuli ndogo ili watoto wasimalize pesa za baba. Simu ile ilikuwa na tabia moja: ikiita wakati watu wako shambani au kazini, haikuacha alama yoyote. Iliita, ikanyamaza, basi. Aliyepiga ndiye peke yake aliyejua kwamba alipiga. Ukirudi jioni ungeikuta imetulia pale pale, wala usingejua kwamba mchana kutwa shangazi alikuwa amesimama Posta akikutafuta.

Mambo yakabadilika hatua kwa hatua. Zilikuja mashine za kunasa ujumbe: anayepiga anasikia sauti yako ikimwomba aseme shida yake, naye anasema. Huko Uingereza, mwaka 1994, kampuni ya BT iliwapa wateja wake namba fupi ya 1471. Ukirudi nyumbani ukaipiga, ulitajiwa namba ya mtu wa mwisho aliyepiga na saa aliyopiga. Watu wa kawaida waliweza kujua ni nani aliyebisha hodi wakati hawapo.

Leo tumefika mbali zaidi. Simu ya nyumbani katika nchi nyingi haipiti tena kwenye waya wa shaba, inapita kwenye intaneti. Sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, inasafirishwa pamoja na barua pepe na picha, kisha inaunganishwa upande wa pili. Uingereza yenyewe imepanga kuuzima mtandao wake wa zamani wa simu za mezani ifikapo Januari 2027. Simu ya namna hii ina jambo moja ambalo ile ya kufuli haikuwa nalo: kumbukumbu ya kila mwito haikai ndani ya chombo kilichoko sebuleni, inakaa kwenye kompyuta za kampuni. Kwa hiyo mwenye nyumba, popote alipo, anaweza kufungua akaunti yake kwa nywila na kuona nani alipiga nyumbani, tarehe gani, saa ngapi, na kama aliacha ujumbe. Anaweza hata kuusikiliza ujumbe huo akiwa ndani ya basi.

Ndugu zetu walioko Minnesota, Toronto au London wanalifahamu jambo hili. Mtu yuko zamu ya usiku, anahudumia wazee wa watu, na wakati wa mapumziko anafungua simu ya kiganjani na kuona kwamba nyumbani kwake simu imeita mara tatu: shule ya mtoto, kliniki, na namba ndefu inayoanza na 255. Hiyo ya mwisho anaijua hata kabla hajaisoma yote. Ni mama.

Sisi tuliobaki huku, ambao simu ya mezani imeshatoweka katika nyumba zetu nyingi, tusidhani kwamba jambo hili halituhusu. Simu zetu za mkononi zinafanya vilevile. Umeiacha chaji, umeingia kikaoni, umelala. Ukirudi, orodha inakusubiri na namba za wote waliokutafuta. Wengine huandikiwa ujumbe na kampuni ya simu kuwajulisha waliopiga wakati simu imezimwa. Hakuna tena anayepiga akapotea hewani. Wote wanaonekana.

Hapo ndipo swali la leo linapoanzia, mpendwa. Kuona nani alipiga kumetufanya tuwe watu wa namna gani?

Zamani mtu aliyelaumiwa kwa kutomjibu ndugu yake alikuwa na neno moja la kujitetea, nalo lilikuwa neno la haki: sikujua. Nilikuwa shambani, sikujua. Simu iliita nyumba tupu, sikujua. Teknolojia imetuondolea neno hilo, na sidhani kama tumeshatambua uzito wa kuondolewa kwake. Mithali 24:12 inatuonya kwamba tukisema hatukujua, yuko apimaye mioyo anayejua kama tunasema kweli. Naye Yakobo, katika sura ya 4 mstari wa 17, anaeleza kwamba mtu anayelijua lililo jema na asilitende, kwake huyo ni dhambi. Tazama jinsi maneno hayo yanavyoigusa ile orodha iliyoko kwenye kioo cha simu yako. Kabla hujaifungua, ulikuwa mtu asiyejua. Baada ya kuifungua, unajua.

Rudi kwenye Luka sura ya 10, kwenye ile barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Tumeisikia mara nyingi mpaka tunaweza kuisimulia tukiwa usingizini, lakini kuna jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Kuhani alimwona yule majeruhi. Mlawi alimwona. Msamaria naye alimwona. Wote watatu waliona jambo lile lile, kwa macho yaliyo mazima, mahali palepale. Bwana Yesu hakusema kwamba kuhani alikuwa na haraka asitazame, au kwamba Mlawi alipita usiku. Waliona, kisha wakapita kando. Tofauti ya watu wale haikuwa katika kuona. Ilikuwa katika hatua iliyofuata baada ya kuona.

Ukweli ni kwamba wengi wetu tumekuwa mabingwa wa kuona na kupita kando. Tunafungua orodha, tunaona "Mama, mara nne," tunasema moyoni kwamba tutampigia jioni. Jioni inafika na uchovu wake. Kesho yake orodha imejaa majina mengine, la mama limeshuka chini, na kisichoonekana kwenye kioo kinasahaulika moyoni. Tumeipata njia ya kujua kila aliyetutafuta, na papo hapo tumejizoesha kujua bila kutenda. Nasema hivi bila kuzungukazunguka: kwa mtu anayesubiri, ni nafuu ya mbali kuwa na mtoto asiyejua kuliko kuwa na mtoto anayejua na kunyamaza.

Na sisi watu wa kanisani tuna hatari yetu ya pekee. Katika Marko sura ya 7 Bwana Yesu aliwakemea watu wa dini waliokuwa wamebuni njia ya kiroho ya kuwakwepa wazazi wao. Mzazi akija na shida, mtoto alisema mali ambayo ingemsaidia imeshawekwa wakfu kwa Mungu, ni Korbani. Sikia jinsi jibu hilo lilivyo zuri masikioni! Nani angethubutu kubishana na sadaka? Lakini Bwana alisema kwamba kwa njia hiyo walilitangua neno la Mungu.

Korbani ya siku hizi ina sura nyingine. "Nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya." "Tulikuwa na kikao cha kamati ya ujenzi." "Wiki nzima tulikuwa kwenye semina." Yote ni kweli, na yote ni mema. Hakuna anayedai kwamba upokee simu katikati ya maombi. Kuizima simu ibadani ni heshima kwa Mungu na kwa jirani uliyekaa naye benchi moja. Lakini ibada ina mwisho wake. Kikao kinafungwa kwa sala. Baada ya hapo, mama aliyepiga saa nne asubuhi bado anakusubiri, na jina la Mungu halipaswi kutumika kufunika uzembe wetu. Anayemwimbia Mungu kwa sauti nzuri na kumwacha mzazi wake akitazama simu iliyonyamaza, ajiulize wimbo ule umefika wapi.

Najua baadhi yenu mnaosoma mnatikisa kichwa. Mnasema: mwandishi huyu hajui simu zetu zinavyoita. Wengine wanapiga kila siku na kila wakipiga ni ada, ni mchango wa harusi, ni mkopo usiorudi. Wengine ni matapeli wanaotaka ile hela itumwe kwenye namba nyingine. Nikimrudia kila aliyepiga, mshahara utaisha tarehe 5.

Ni hoja nzito, na Biblia haiipuuzi. Tazama Nehemia sura ya 6. Anajenga ukuta wa Yerusalemu, na adui zake Sanbalati na Geshemu wanamtumia ujumbe ashuke wakutane naye bondeni. Nehemia anajua kwamba wamekusudia kumdhuru, naye hashuki. Wanamwita mara nne, naye anakataa mara nne. Kwa hiyo si kila mwito unaitikiwa kwa kwenda, na si kila anayeomba hupewa anachokiomba. Lakini angalia vizuri alichofanya mtu huyu wa Mungu. Hakujificha. Mara zote nne aliwarudishia jibu, akawaeleza kwamba ana kazi kubwa na hawezi kuiacha. Kama Nehemia aliwajibu adui zake mara nne, sisi tunashindwaje kumjibu ndugu yetu mara moja?

Kusema "sina" ni jibu. Kusema "mwezi huu nimebanwa, tuzungumze mwezi ujao" ni jibu. Mtu aliyeambiwa hapana anaweza kuinuka akatafute pengine kabla jua halijazama. Mtu aliyenyamaziwa hawezi kuinuka; amefungwa kwenye kusubiri. Wengi hawaumizwi na umaskini wetu, wanaumizwa na ukimya wetu. Na kuna wengine, hasa wazee, ambao hawakupiga kuomba chochote. Walitaka tu kusikia kama umepona mafua.

Hapa tuwakumbuke wanaobipu. Neno hili watoto wetu wa baadaye huenda wasilielewe, lakini kwetu lina historia. Mtu hana salio la kutosha, anapiga simu yako iite mara moja, anakata. Mwito huo haukutengenezwa ili upokelewe. Maana yake yote iko katika kurudishiwa. Ni mtu maskini anayekwambia: nimefika mwisho wa uwezo wangu, sehemu iliyobaki ni yako. Mithali 21:13 inatahadharisha kwamba anayeziba masikio asisikie kilio cha maskini, naye siku moja atalia asisikiwe. Siku hizi kilio cha maskini mara nyingi hakina hata sauti. Ni namba tu kwenye orodha, yenye alama nyekundu, iliyoita mara moja.

Na namba ngeni? Tahadhari ni njema, maana matapeli ni wengi. Lakini kumbuka jinsi mambo yanavyokuwa vijijini na hata mjini: mtu akipata ajali au akiishiwa chaji, huazima simu ya jirani, ya muuguzi, ya dereva wa bodaboda. Habari iliyo muhimu kuliko zote inaweza kuja kwa namba usiyoijua. Kijana Samweli, katika 1 Samweli sura ya 3, aliitwa usiku mara tatu, na mara zote tatu alimkosea aliyemwita. Alidhani ni mzee Eli. Ila hakukosea kuamka. Alikimbia mara ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu, hata baada ya kuambiwa arudi akalale. Ni kwa sababu alizoea kuitika mwito wa mzee aliyelala chumba cha pili kwamba, mara ya nne, alikuwa tayari kuitika sauti ya Mungu. Tafakari hilo, mzazi na kijana. Mtu anayezoea kutoitika wanadamu anajifunza wapi kumwitikia Mungu?

Iko pia hatari ya upande wa pili, nayo nisiifiche. Chombo kile kile kinachomwezesha baba kujua kwamba shule imepiga nyumbani kinamwezesha pia kukaa ofisini na kuhesabu nani amempigia mkewe, mara ngapi, kwa dakika ngapi. Wako wanandoa ambao hawafungui orodha ili wamrudie aliyepiga. Wanaifungua ili wapate ushahidi. Wako mabosi wa nyumbani wanaompeleleza dada wa kazi kila saa, badala ya kumuuliza kama amekula. Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba upendo hauweki daftari la makosa. Kabla hujafungua akaunti hiyo, jiulize: namtafuta mtu nimsaidie, au natafuta kosa nimhukumu? Nywila ni ile ile. Moyo ndio unaotofautiana.

Historia ya simu yenyewe ina funzo. Tarehe 10 Machi 1876, mjini Boston, Alexander Graham Bell alizungumza kwenye chombo chake, na msaidizi wake Thomas Watson, aliyekuwa chumba kingine, akayasikia maneno yake wazi. Maneno yale ya kwanza hayakuwa hotuba wala majigambo ya uvumbuzi. Bell alikuwa anamwita Watson aje. Na Watson akaja. Huo ndio mwanzo wa simu duniani: mtu mmoja anaita, mwingine anakwenda. Kabla hata ya hapo, katika Mwanzo sura ya 3, mwito wa kwanza wa Mungu kwa mwanadamu aliyeanguka ulikuwa wa kumuuliza yuko wapi. Adamu alisikia, akajificha. Tangu siku ile shida yetu haijawa masikio. Tunasikia, tunajificha.

Tena tusijidanganye kwa kufuta orodha. Ukifuta majina kwenye simu yako, yamefutika kwenye simu yako tu. Nimeshasema kwamba kumbukumbu ya kampuni iko mahali pengine, nawe huna ufunguo wa kuifuta. Nabii Malaki, sura ya 3, anataja kitabu cha ukumbusho kilichoandikwa mbele za Mungu. Mema tuliyotenda kwa siri yamehifadhiwa huko, na hilo ni faraja kwa wengi wenu mnaowapigia wajane na wagonjwa bila mtu kujua. Lakini Mungu anayekumbuka mema hayo hawezi kushindwa kuziona simu tulizoziacha zinyamaze.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, wala hayahitaji semina.

La kwanza, leo baada ya ibada, kabla hujafungua vichekesho na matokeo ya mpira, fungua orodha ya simu ambazo hukupokea wiki hii. Ipitie kama unavyopitia dhamiri yako. Chagua watu watatu ambao kimya chako kinaweza kuwa kinawaumiza, na uanze na aliye mzee kuliko wote. Usiandike ujumbe. Piga. Mzee anataka sauti.

La pili, kama una jambo gumu la kumwambia aliyekutafuta, mwambie leo kwa upole. Ndiyo yako iwe ndiyo, na siyo yako iwe siyo. Usimfanye mtu aishi kwa matumaini usiyokusudia kuyatimiza.

La tatu ni kwa viongozi wa makanisa yetu. Namba ya simu iliyochorwa kwenye ubao wa kanisa ni ahadi. Mtu anayeipiga saa tano usiku huenda amefiwa, au amesimama ukingoni mwa uamuzi mbaya. Wawekwe watu wawili waaminifu kwa zamu, kazi yao ikiwa kupitia kila asubuhi simu zilizokosa mpokeaji na kuzirudia zote kabla ya saa sita mchana. Tunaweka zamu ya kufagia kanisa na zamu ya kupamba maua. Zamu hii haina harusi wala makofi, lakini inaweza kumwokoa mtu.

Zaburi ya 121 inatukumbusha kwamba mlinzi wetu halali wala hasinzii. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwita Mungu akakuta nyumba tupu. Isaya 65:24 inakwenda mbali zaidi na kutuahidi kwamba Yeye hujibu hata kabla hatujaita. Sisi tuliopewa neema ya kujibiwa namna hiyo hatuna haki ya kuwafanya wengine wasubiri bila jibu.

Mpendwa, gazeti hili linaweza kusubiri. Kama kuna jina lililokujia moyoni tangu uanze kusoma, liweke gazeti chini sasa hivi, umpigie. Jumapili njema, na Mungu akubariki.